Redio Iliyofifia Njia ya Migori

Siku yangu ya kwanza kazini, katika gereji moja ya Homa Bay, miaka ya sitini ikiwa bado mibichi, nilipewa bisibisi nikaonyeshwa redio ya gari iliyofunguliwa. Ouma aliajiriwa asubuhi ileile. Mimi nilikuwa na mikono. Yeye alikuwa na mdomo.

Nyinyi vijana mnabonyeza tu. Sisi tulifunga antena, kisha tukakwangua rangi ya bodi ili waya wa ardhi ushike chuma kitupu, la sivyo redio hukoroma. Kwenye dainamo tuliweka kapasita, kikopo kidogo cha kumeza kelele za umeme wa gari.

Siku moja Afisa wa Pamba aliingia amekasirika.

"Hapa Homa Bay redio yangu inaimba. Nikielekea Migori inakoroma, halafu inafifia!"

Fundi Mkuu alinipa kazi hiyo. Nilitoa kutu chini ya antena, nikabadilisha kapasita iliyokufa. Kisha akamtuma Ouma aende na Afisa kuijaribu barabarani. Ouma, si mimi.

Walirudi wakicheka kama mashemeji.

"Mkoromo umekwisha," Afisa alisema, "lakini vilimani bado inafifia."

"Huo si ugonjwa wa redio, mzee," Ouma akajibu. "Mawimbi ya mchana hutambaa ardhini. Maji ya ziwa na udongo mbichi huyabeba. Mawe makavu na vilima huyala. Usiku mengine hupanda, yakagonga anga na kushuka mbali. Ndiyo maana stesheni za mbali huja na kupotea."

Kila neno nilikuwa nimemfundisha mimi, tukila omena, dagaa wa ziwani.

Fundi Mkuu akampiga begani. "Tawi la Migori limepata msimamizi."

Tukiosha grisi mikononi, Ouma aliniambia, "Omera, ndugu yangu, usikasirike. Ungesema wewe."

"Ningesema saa ngapi? Nilikuwa chini ya gari!"

Mimi nilihamishiwa Oyugis, kisha Kendu Bay, siku zote chini ya msimamizi fulani. Madereva waliotoka Migori hawakuisha kuniuliza, "Unamjua Fundi Ouma? Yule ni bingwa!" Nilijibu namjua, nikaendelea kukaza skrubu hadi kichwa chake kikalika.

Nilipostaafu, gereji ilinifanyia sherehe, na mgeni wa heshima akawa nani? Ouma, ndani ya suti. Alisimama akanielekezea kidole.

"Yote ninayoyajua kuhusu mawimbi, alinifundisha huyu."

Moyo wangu uliruka. Hatimaye! Watu wakasimama, wakapiga makofi, na mama mmoja nyuma yangu akamwambia mwenzake, "Tazama mtu mkubwa asivyo na majivuno."

Hata siku yangu, makofi yalikuwa ya Ouma.