Sauti ya Bibi Redioni

Harufu ya mpunga mpya ikinipata, hata nikiwa sokoni na haraka zangu, narudi uani kwa bibi, Usevya.

Siku moja nilipokuwa mdogo, dada mmoja wa redio ya jamii alikuja kutoka Mpanda kurekodi nyimbo za Kipimbwe. Bibi alikuwa hajaimba tangu amzike mama yake.

"Mwanangu, mimi siwezi kuimba nimekaa tu," akamwambia.

Basi mama yangu akamletea kinu na mchi. Bibi akatwanga, pumba zikapaa kwenye jua, na kazi ilipokolea wimbo ukamtoka wenyewe, taratibu, mimi nikisinzia juu ya mkeka.

Jumapili mchana tukawasha redio. Sauti ikajaa uani, laini, kana kwamba inatoka ng'ambo ya mashamba. Bibi hakuwahi kusikia sauti yake mwenyewe ikirudishwa. Akaweka ungo chini, akasogea mpaka shavu lake likagusa redio.

"Huyo ni mama yangu," akasema polepole.

Mama alifungua kinywa amwambie ukweli, akasita. Akaongeza sauti ya redio, akakaa chini kando yake, nao wakamsikiliza.