Gurudumu Moja Lililogoma Kuachia

Viti vya gari vilikuwa bado na nailoni za dukani. Mume wangu alikataza kuzitoa, akisema vumbi la Kibondo litamaliza vitambaa kabla mwaka haujaisha. Basi tulikaa juu ya nailoni, tukiteleza kwenye kona na kulowa jasho mgongoni, ndani ya gari jipya ambalo tayari lilikuwa linanuka kuungua.

Nina duka la dawa Kibondo, na mara kwa mara huenda Kasulu kuchukua mzigo. Harufu nilikuwa naisikia, lakini ilikuwa msimu wa watu kuchoma mashamba, nikadhani inatoka nje. Siku moja nikampa lifti mama wa Kikongo, muuza vitenge tuliyezoeana naye sokoni. Hatujaenda mbali akashusha kioo, akanusa, akapandisha, akanusa tena.

"Mama, hii si moshi ya shamba," akasema. "Ni freni yako iko inaungua."

Jioni nikamweleza mume wangu kwamba breki inaungua. Alikuwa anakula, hata kichwa hakuinua.

"Ni wewe. Unaendesha mguu uko juu ya breki."

"Siendeshi hivyo."

"Wengi wenu mnaendesha hivyo, hamjijui tu."

Mimi nimeendesha tangu kabla hatujaoana. Pikapu ya marehemu baba ilinifundisha vilima vya Murungu wakati huyu bwana bado anapanda baiskeli.

Kesho yake nikalichunguza mwenyewe. Kuna mteremko mdogo karibu na nyumbani ambapo gari lolote, ukiweka nyutro na kuachia breki ya mkono, hushuka lenyewe. Langu likasimama tu, kama limefungwa kamba. Nikaenda mwendo mzuri barabarani, na wakati wa kusimama sikugusa breki kabisa. Niliachia mafuta, nikasubiri kilima kinisimamishe. Nikashuka na chupa ya maji, nikanyunyiza kidogo kwenye kila rimu. Tatu zilinyamaza. Ya mbele kushoto ikalia chwii, maji yakakauka nikiwa naangalia.

Nilirudi nyumbani nimefurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Mume wangu akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Labda upande huo ulipigwa na jua."

Nikaenda gereji Kasulu peke yangu. Fundi alikuwa mtu mzima, mwenye heshima, na ovaroli safi kuliko nilivyotarajia. Nilimweleza yote: harufu, mteremko, maji, gurudumu la kushoto. Akazunguka gari, akagonga boneti kwa kidole, akatabasamu.

"Mama, hili gari ni jipya kabisa. Tatizo halitakuwa kwenye gari." Kisha akaongeza, kwa upole ulioniudhi kuliko tusi, "Mzee yupo? Nipe namba yake niongee naye."

"Gari nimekuja nalo mimi."

"Ndiyo mama, lakini haya mambo tukiongea na mzee tunaelewana haraka."

Nikampigia mume wangu, nikampa fundi simu, wakaongea. Nilisimama palepale nikisikia upande mmoja wa mazungumzo. "Eeh… eeh… ndiyo mzee, mguu… na mimi nimeona hivyo hivyo." Waliagana kwa kicheko, watu wawili ambao hawajawahi kuonana. Fundi akanirudishia simu na kunishauri nivae viatu vyepesi.

Hapo uvumilivu uliniisha.

"Fundi," nikasema, "breki ya mguu inashika magurudumu mangapi?"

"Yote."

"Sasa mguu wangu mimi unakanyagaje gurudumu moja tu?"

Nikamtupia ufunguo. "Endesha wewe. Mimi nakaa nyuma."

Tulishika barabara ya Titye. Nilivua viatu nikapandisha miguu yote miwili juu ya kiti, juu ya ile nailoni, ili asije akapata la kusema. Mwanzoni alikuwa anapiga stori. Baadaye akaanza kulisikiliza gari. Akaongeza mafuta, akapunguza, akashusha kioo. Harufu ikaingia.

Alisimamisha gari pembeni, akashuka, akaweka kiganja kwenye rimu ya mbele kushoto bila kufikiri. Alichomoa mkono kwa kelele. Waliokuwa wanapita na mihogo kichwani wakageuka kumtazama.

"Imeshika," akasema, akipuliza vidole.

"Imeshika," nikasema.

Tuliporudi gereji alipiga jeki, tukaliacha gari lipoe, kisha akajaribu kulizungusha gurudumu kwa mkono. Lilikwenda nusu mzunguko na kugoma. Alipofungua, tatizo likaonekana wazi. Vyuma viwili vidogo vinavyotakiwa kuteleza ili pedi iachie diski vilikuwa vikavu, kimoja kimeganda kabisa kwa tope jekundu lililoingia kwenye mpira wake uliopasuka. Ukikanyaga breki pedi inabana, ukiachia inabaki pale pale. Pedi ya ndani ilikuwa imeliwa karibu kwisha, wakati ya nje bado nene. Alisafisha vile vyuma, akavipaka grisi, akaniambia hizo pedi na huo mpira tuagize vipya. Hakuniomba radhi. Alichosema ni kwamba magari ya siku hizi hayaaminiki.

Nyumbani, mume wangu akamsimulia jirani mbele yangu: "Tuligundua ni gurudumu la kushoto."

"Nani aligundua?" nikauliza.

Mume wangu akakohoa. "Basi, mama watoto ndiye aligundua," akasema, haraka haraka, akaanza habari za bei ya maharage.

Vipuri vilikuja na basi kutoka Mwanza. Siku hiyo mvua ilinyesha tangu asubuhi, na basi lilichelewa mno. Nilikuwa dukani nikihudumia wateja. Mume wangu aliingia amelowa mpaka soksi, akaweka boksi juu ya kaunta, mbele yangu. Alikuwa amekwenda stendi mwenyewe, bila kutumwa, na kusubiri huko muda wote.

"Angalia kama pedi ndizo," akasema.

Nikafungua, nikaangalia. Zilikuwa zenyewe. Ningependa angeniomba radhi kwa mdomo, lakini nilimpa taulo.