Upara Niliomnyolea Skola

Ngoja niseme mwenyewe kabla hamjasimuliwa vibaya: mimi ndiye yule jamaa aliyefanya akina mama wa jumuiya waingie wakilia kwenye mkutano wa watu, na ukipita kwenye kibanda changu cha kutengeneza simu hapa Sumbawanga usianze kunichekea, maana nimeshagombana na wateja wazuri tu kwa ajili ya habari hii.

Skola ni mdogo wangu, binti wa mama mdogo. Aliugua saratani ya damu akiwa sekondari, akapelekwa kutibiwa mbali, nywele zikaisha, akarudi, na watu mtaani wakawa wanaongea naye kwa sauti ya chini kama wako kanisani (mimi nilikuwa nawafokea, nikaitwa mkorofi, sawa). Mwaka huu wakaja watafiti wanaotaka kujua shida za vijana wenye saratani, ila hawa walikuwa na utaratibu wao, kwamba vijana wenyewe wakae nao mezani wapange maswali ya utafiti, siyo wakae tu wapimwe na kuhojiwa. Skola akachaguliwa. Alikuwa na swali lake moja, alikuwa analisema hata akiosha vyombo: utafiti uulize watu wa nyumbani na majirani wanamchukuliaje kijana mgonjwa. Mkuu wa watafiti, mzee mmoja mpole tuliyekuwa tunamwita Dokta, hakulitaka. Alisema hayo ni mambo ya mila. Na mkutano wa mwisho ndiyo wa kupitisha maswali, likiachwa hapo ndiyo basi.

Mimi nikasema siwezi kukaa kibandani siku kama hiyo. Kwenye simu nilishaona video ya wanafunzi wa huko nje wamenyoa vipara darasa zima kumuunga mkono mwenzao anayeumwa, nikalia (peke yangu, mlango nimefunga). Basi asubuhi nikaenda kwa kinyozi nikamwambia toa zote, pitisha na wembe. Mwezi wa saba, na huo upepo wa Sumbawanga, kichwa kikaanza kuuma kabla sijalipa.

Natoka tu, nakutana na Mama Oda, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisani, na kikapu chake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akakiangalia kichwa. "Baba, nani tena?"

Sasa huku kwetu kila mtu anajua ndugu wananyoa lini. Wananyoa wakifiwa. Hata mimi nilinyolewa alipokufa babu. Ila asubuhi ile kichwani nilikuwa na ile video tu, nikaona ananiuliza nimemnyolea nani.

"Skola," nikasema.

Akaweka kikapu chini. "Yuko wapi sasa?"

"Hospitali. Ndiyo naenda."

"Pole sana, mwanangu."

Pole za Skola nimezizoea, nikasema asante, nikaondoka zangu.

Ukumbi wenyewe uko ndani ya hospitali. Nafika mlangoni nakuta Skola amesuka. Nywele zilikuwa zimeota, na jana yake alikuwa amesukwa kwa mara ya kwanza tangu augue, mistari myembamba, amependeza kweli, na mimi nimesimama mbele yake nang'aa kama yai.

"Umefanya nini?"

"Nakuunga mkono."

"Nani kakwambia?" Akageuka, akaingia.

Nikakaa nyuma karibu na dirisha, nikazima simu kama tulivyoagizwa. Zamu yake ilipofika akasimama, akashika maikrofoni, akalieleza swali lake vizuri kabisa. Dokta akajibu taratibu: "Binti, tunakuelewa, lakini majirani hawahusiki na matibabu." Damu ikanichemka, nishainuka nusu nimwambie neno, ndipo tukasikia kilio nje. Kilio cha msiba, siyo kingine. Kumbe akina mama wa jumuiya walikuwa wanatafuta chumba cha maiti, wakauona upara wangu dirishani, wakajua ndiyo hapo.

Mlango ukafunguka. Wakaingia akina mama, kanga viunoni, mmoja na mfuko wa unga kichwani, na katikati wamemshika mama mdogo, ambaye walimpigia simu kijijini Kaengesa akiwa anavuna ulezi, akaja na bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope. Akamwona Skola amesimama. Akakaa sakafuni.

Skola akaenda akachuchumaa, akamshika mikono. "Mama, mimi huyu. Nipo."

Mama Oda akanigeukia. "Wewe si umesema?"

Nikaanza kueleza habari ya video. Jaribu wewe kumweleza video mwanamke aliyebeba unga wa msiba.

Skola akainuka. Hakunifokea, bora angenifokea. "Mama Oda, ulipoambiwa, ulishangaa?"

Mama Oda akaangalia chini. "Hapana, mwanangu. Tulikuwa tunangoja."

"Na wewe kaka, uliniuliza kama nataka unyoe?"

"Hapana."

Akamgeukia Dokta. "Hawa wote wananipenda. Mmoja anangoja nife, mwingine ananiamulia. Dawa nakunywa asubuhi tu, hawa naishi nao siku nzima. Niambie tena kwamba hawahusiki."

Dokta alivua miwani akaifuta, akaifuta tena. Halafu akaomba Mama Oda aletewe kiti. Swali likapita, na maneno yake aliyapanga Skola mwenyewe. Unga, kwa kuwa ulishafika, ulisongwa jioni, na aliyekula kuliko wote ni yule marehemu. Mama mdogo hakuongea na mimi mpaka nywele zilipoanza kuota, na neno lake la kwanza lilikuwa "vaa kofia".

Kunyoa kwa ajili ya mtu, awe mzima au mgonjwa, sirudii, na kumtetea Skola siku hizi natuma meseji kwanza. Juzi kuna fala mmoja sokoni alimwita marehemu mtarajiwa, mikono ikaniwasha, nikaandika: naruhusiwa kumvaa?

Akajibu: ngoja, nakuja mwenyewe.

Nikavuta kigoda, nikakaa, nikangoja.