Mama Alipokuja Dar es Salaam Kumwona Mkwe

Mama alisafiri kutoka Njombe mpaka Dar es Salaam, kwa lori, kwa basi na kwa garimoshi, ili amwone mchumba wangu, na alipofika hakuweza kumwona. Mchumba alikuwepo. Alivaa suti ya kijivu, akasimama nyuma yetu, ameugeukia ukuta.

Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawapeani mkono wala hawakai benchi moja. Wakitaka kusemeshana humtafuta mtu wa katikati. Siku hiyo mtu wa katikati nilikuwa mimi, na kabla jua halijapanda nilikuwa nimewachoka wote wawili. Baba alishakubali posa. Lilibaki neno la Mama, naye alisema wazi kwamba binti yake haolewi na karani wa bandarini asiyemfahamu, hata kama kwao ni Makambako.

"Makambako ni njia panda," alisema. "Mtu wa njia panda hujifunza tabia za kila apitaye."

Nikapanga tumtembeze: asubuhi makumbusho, alasiri mchezo wa kuigiza wenye nyimbo.

Kule makumbusho ikawa kazi kwelikweli. "Mwambie mwenzio, ile ngoma ni ya wapi?" Mama anauliza. Nami namgeukia mwenzangu, "Mama anauliza ngoma ni ya wapi." Naye anauambia ukuta, "Mwambie Mama ni ya Uzaramo." Nageuka tena, "Mama, ni ya Uzaramo." Askari wa mlangoni alituvumilia vyumba viwili, kisha akaninong'oneza, "Dada, pole. Hawa watu wako hawasikii?"

"Wanasikia sana," nikamjibu kwa ukali, maskini, na hakuwa na kosa.

Basi Mama akaganda mbele ya kabati la mikuki. Haondoki. Nyumbani mkuki aliutumia kuchokolea panya darini, sasa leo umempendezea nini? Nikamsogelea. Kumbe hatazami mikuki hata kidogo. Kwenye kioo cha kabati alionekana mchumba wangu mzimamzima, anajikuna sikio.

"Masikio makubwa," Mama akanong'ona. "Lakini si haba."

Kumbe naye aliyaona macho ya Mama humo kiooni. Akachomoka mbio mpaka chumba cha mifupa.

"Sasa anakimbia nini?" Mama akauliza. "Mtu mwema anakimbia?" Nilitamani kulia. Adabu ile ile niliyomsifia nayo ndiyo ilikuwa inamfanya aonekane mwizi.

Alasiri tukaingia ukumbini. Mkaguzi wa tiketi akatuketisha kwa namba: mimi, Mama, halafu mchumba. Nikamwomba tubadilishane. Akasema tiketi ni tiketi. Nikamweleza habari za ukwe, akasema hayo nikayazungumze kwetu. Mwenzangu akakaa, shingo ameipinda upande kama amelala vibaya.

Mchezo ulimhusu mzee bahili. Wageni wamebisha hodi, naye amemficha kuku ndani ya kanzu. Kuku analia, mzee anaimba kumzidi sauti. Kuku akizidisha, na mzee anazidisha. Alikuwa kuku wa kweli, tena mwenye hasira, na mwishowe akatokea shingoni kwenye kola. Ukumbi ukavunjika mbavu.

Mama yangu hacheki kwa mdomo peke yake. Akicheka hupiga kilicho karibu. Kilichokuwa karibu ni paja la mkwe wake. Paa!

Mchumba wangu akaporomoka kwenye kiti mpaka sakafuni, akabaki hukohuko kati ya miguu ya watu, kichwa ameinamisha. Waliokaa nyuma wakamshangilia, maana sasa walikuwa wanaona vizuri. Mimi sikuona tena mchezo. Nilijua posa imekufa, na imeuawa na kuku.

Pazia likafungwa, watu wakaanza kutoka. Yeye hakuinuka. Mama akajifuta machozi kwa pindo la kanga, akatazama mbele kwenye jukwaa tupu.

"Mwambie ainuke," akasema. "Mwambie, suti ya harusi haikaliwi sakafuni."

Nikafungua mdomo nimwambie, nikaishia kucheka kwa furaha. Mwenzangu alikuwa amesikia kila neno kwa masikio yake yale makubwa. Lakini kwa adabu zake akakaa palepale chini, akisubiri nimwambie.