Nyayo Ishirini na Nne

Kitinda aliangusha kijiti katika fainali mbili, na katika ya tatu akakipokea nje ya mstari, matokeo ya timu yakafutwa. Baada ya hapo kila mtu klabuni alijua ugonjwa wake, isipokuwa mama yake, na mama yake ndiye aliyekuwa muuguzi.

Watu walimwita Sista. Asubuhi alikuwa zahanati akichoma sindano na kugombana na wagonjwa wanaoacha dawa wakishapata nafuu. Jioni alikuwa uwanjani, akiihudumia klabu ya riadha bure kwa mkoba wa bandeji na saa iliyobandikwa kifuani. Hakuwa mtu wa kuamini maneno. Ukimwambia uko sawa, anakushika mkono na kuhesabu mapigo. Mume wake naye alishazoea kupimwa kila aliposema amechoka mno kuosha vyombo, na mara zote mapigo yake yalikuwa ya mtu aliyepumzika vizuri.

Binti yao wa mwisho, huyo Kitinda, alikimbia wa nne katika mbio za kupokezana vijiti. Mazoezini hakuwa na mpinzani. Kwenye fainali, mambo yakaharibika.

"Miguu anayo, kichwa hana," alisema Kocha, mzee mfupi ambaye hajawahi kukosa methali. "Jogoo wa shamba hawiki mjini. Na mkamia maji hayanywi. Sista, nakuheshimu, lakini Jumamosi ya wiki ijayo akiharibu tena, nafasi yake naitoa."

Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja. Sista alifungua daftari jipya, maana lile la mwaka jana lilikuwa limejaa.

Aliandika saa za usingizi za binti yake, na mapigo yake kabla hajainuka kitandani. Alimwekea karatasi juu ya kiganja kilichonyooshwa aone kama inatikisika. Alimkimbiza ngazi za zahanati mpaka moyo ukaenda mbio, kisha akamtaka apokee kijiti papo hapo. Jioni moja aliwapanga wakimbiaji wadogo pembeni ya uwanja na masufuria, wapige kelele na kumzomea kwa jina. Walizomea kwa moyo wote, tena wawili walilazimika kunyamazishwa. Kitinda alipokea kijiti kama mtu anayepokea chenji.

Daftari lilisema msichana hana woga. Sista hakuliamini. Usiku wa siku hiyo, mezani, alimwambia mwanawe usoni, "Basi ni uoga tu mwanangu, na uoga sina dawa yake." Kitinda aliendelea kula. Baba mtu alimtazama mkewe kwa jicho ambalo halikuhitaji kupimwa.

Jumatano ya wiki ya mashindano Sista alipata wazo ambalo lingepaswa kumjia mapema. Siku ya mashindano watu hukimbia mara mbili, mchujo asubuhi na fainali alasiri, lakini mazoezini walikimbia mara moja wakaenda zao. Akamwomba Kocha awakimbize mara mbili. Mara ya kwanza kijiti kilipita vizuri. Saa mbili baadaye kikaanguka.

Sista alimkimbilia bintiye na kumshika mkono. Mapigo yalikuwa yanashuka kama yanavyotakiwa kushuka. Pembeni, kwenye nyasi, alikuwa amelala mkimbiaji wa tatu, yule anayemkabidhi Kitinda kijiti. Walimwita Chuma. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mitano, kumi na mitatu kati ya hiyo ameitumikia klabu, na ndiye aliyemfundisha Kitinda kukimbia tangu akiwa na meno ya utoto. Sista aliinama akashika mkono wake vilevile, kwa mazoea tu. Akahesabu, akahesabu tena. Dakika tano zilikuwa zimepita na moyo wa Chuma ulikuwa bado unakimbia kona.

Akaenda kuiangalia saa ya Kocha. Mara ya pili Chuma alikuwa amechelewa zaidi ya nusu sekunde.

Hapo mambo yote yakakaa mahali pake. Anayepokea kijiti haangalii nyuma. Kabla ya mbio hupima nyayo zake mwenyewe, kisigino kwa kidole, kuelekea anakotokea mwenzake, na mwisho wa nyayo hizo hubandika utepe chini. Mwenzake akiukanyaga utepe, yeye huchomoka. Mwenzake akiwa na kasi, nyayo huwa nyingi. Akiwa amechoka, nyayo lazima zipungue, la sivyo anayechomoka atamwacha mwenzake nyuma akinyoosha kijiti hewani. Kitinda alipima nyayo ishirini na nne asubuhi na nyayo ishirini na nne alasiri, miaka nenda rudi.

"Kwa nini hupunguzi?" Sista alimuuliza jioni hiyo, jikoni.

"Nimpunguzie Chuma?" Kitinda aliacha kukoroga vitunguu vya kukaanga. "Mbele ya watu?"

Sista hakuwa amewahi kukimbia, kwa hiyo ilibidi aelezwe. Katika klabu ile, kumpunguzia mtu nyayo lilikuwa tusi. Utepe unaonekana na kila mtu anahesabu, na anayepunguziwa ameambiwa hadharani kwamba amekwisha. Wapo waliorushiana ngumi kwa ajili ya unyayo mmoja.

"Kwa hiyo uliona afadhali uitwe mwoga?"

"Mimi bado mdogo, mama. Nitaitwa majina mengine. Na usimwambie Kocha, atamtoa. Wala usimwambie Chuma. Niapie."

Sista hakuapa. Alisema tu kwamba vitunguu vinaungua, na kweli vilikuwa vinaungua.

Kesho yake alitoroka zahanati mchana akaenda kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, alikofanya kazi Chuma. Alimkuta mbele ya mashine ya kupigia pasi mashuka, amesimama ndani ya mvuke, mguu mmoja umeegemea kikreti cha soda.

"Shikamoo Sista. Kuna mgonjwa?"

"Marahaba. Mlangoni wameniambia unaingia alfajiri. Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Wamepunguza watu." Chuma alinyoosha shuka. "Umekuja kunipima?"

"Nilishakupima jana." Sista akamwambia mapigo, akamwambia nusu sekunde, akamwambia kwa nini kijiti kinaanguka. Hakupamba. Zahanati alishawaambia watu makubwa zaidi ya hayo, ila pale mikono yake haikuwa na mahali pa kukaa.

Chuma alikunja mashuka matatu.

"Kwa hiyo umekuja kunizika," alisema mwishowe.

"Nimekuja kukwambia mwanangu si mwoga."

"Hilo nalijua mimi kabla yako," Chuma akajibu kwa ukali, akamgeuzia mgongo.

Jumamosi timu ilipita mchujo. Alasiri Kitinda aliingia uwanjani, akapima nyayo zake ishirini na nne, akabandika utepe. Sista aliona kutoka kwenye benchi, na moyo wake mwenyewe ulikwenda mbio asitake hata kuuhesabu. Alijua anamtazama mwanawe akitoa nafasi yake kwa mkono wake.

Chuma alikuwa anapita kuelekea kwenye kona yake. Alipofika kwenye utepe alisimama. Aliinama, akaubandua, akatembea nao kuelekea alipo Kitinda, kisigino kwa kidole, nyayo tatu kamili. Akaubandika tena na kuukanyagia ushike. Wakimbiaji wa timu zote walikuwa wanatazama. Kitinda alitikisa kichwa kukataa, machozi yamemjaa.

"Ukiusogeza nitakuchapa," Chuma alisema, akaenda zake.

Kijiti kilipita. Kilipita kimya kimya, kama mazoezini, na Kitinda akawapita wawili akamaliza wa pili. Kocha aliruka akasahau methali zote. Chuma alibaki kwenye kona, mikono magotini, na aliponyanyuka alimwambia Kocha atafute mkimbiaji mwingine wa tatu. Kitinda alimkimbilia akamkumbatia. "Usije ukanihurumia hivyo tena," Chuma alimwambia. "Umeniibia mwaka mzima wa kujua kwamba nimechoka."

Njiani kurudi, mama na binti walikuwa wamekaribia nyumbani. Sista ndiye aliyeanza. Alisema anaomba radhi kwa lile neno la mezani, na kwamba amefurahi ameibakiza nafasi yake.

"Umenipima tangu mwaka jana, mama," Kitinda alisema, bila hasira. "Ungeniuliza mwaka jana, ningekwambia mwaka jana."

Sista alimfungulia mlango. Wakaingia ndani, Kitinda mbele.