Majivu Mara Mbili

Saa kumi na mbili asubuhi, Mama Miche amepiga magoti uani, anamwagia siki udongo kidogo ndani ya kifuniko. Udongo unatoa povu. Anashusha pumzi. "Ndoo hii nayo bado. Imejaa majivu."

Jina hilo amepewa na wateja wanaonunua miche yake ya nyanya na pilipili hoho. Kwa miaka tisa ameotesha kwenye ndoo kuukuu na matuta mawili nyuma ya nyumba ya kupanga. Udongo wa hapa una tindikali nyingi, mimea hudumaa. Dawa yake ni majivu ya kuni kutoka tanuri la mikate anakofanya kazi mumewe: konzi moja kwa ndoo, basi.

Msimu huu, alipomaliza tu kuyaweka, mgongo ukamlaza kitandani. Mumewe, bila kuuliza, naye akaweka. Ndoo zote, matuta yote.

"Nilimwonea huruma," anasema mwoka mikate huyo, macho chini. "Nikasema ngoja nimpunguzie kazi, akiamka afurahi."

Majani yakawa manjano. Mama Miche, akidhani mbegu ndizo mbovu, akaenda kumtolea uvivu muuza mbegu mbele za watu. Aliporudi na kumsimulia mumewe, mzee wa watu akakiri.

"Nilimwaibisha mtu bure. Kwenda kumwomba radhi, acha tu," anasema mama huyo.

Kinachomkosesha usingizi, hata hivyo, ni mwenye nyumba. Amesema mwisho wa mwezi atakuja, na akikuta ua umekauka ataumwagia zege aegeshe magari.

Ndiyo maana kila asubuhi wawili hao wanamwaga ndoo, wanachanganya udongo upya na mboji, wanayalowesha matuta kwa maji mengi ili majivu yazame chini. Tuta moja limegoma. Lingine limeanza kutoa majani mabichi.

"Nimechoka, mwanangu. Nimechoka mpaka mifupa," anamwambia mwandishi. "Lakini wakimwaga zege hapa, mimi nitafanya kazi gani?"

Mpango wake ni kuhamishia miche yote iliyopona kwenye tuta hilo lililochipua, mwenye nyumba akija akute kijani.

Mumewe anatokea na ndoo ya maji, anasimama pembeni ya tuta.

"Mama, nimwagie hapa?"

Mama Miche anabonyeza udongo wa tuta kwa kidole.

"Mwagia, baba. Ukimaliza, uniambie."