Kijiko cha Ijumaa

Wifi yangu alikuwa mshonaji wa sare za shule. Chumba chake cha mbele kilikuwa na cherehani, meza ya kukatia na rundo la kaptura zisizo na vifungo. Mimi ndiye niliyemchagulia mdogo wangu mke huyo, na sikukosea.

Kila Ijumaa alifunga. Tangu alfajiri hadi jua kuzama hakuna kilichopita kooni mwake, hata maji, na cherehani iliendelea kulia. Alisema siku hiyo ndiyo anamsikia Mungu vizuri, kwa sababu mengine yote yamenyamaza. Wengine tukifunga tunanuna. Yeye alikuwa mpole mno, hadi mdogo wangu, ambaye alikuwa fundi bomba na hakuishiwa maneno, akawa anawaambia watu kwamba Ijumaa ana mke, siku nyingine ana mwenye nyumba.

Kanisani yeye ndiye aliyeongoza kikundi chetu cha akina mama wa kufunga na kuomba. Wakampa jina la Mama Mfungo, nalo alilipenda. Hakuwa na huruma na visingizio. Ukimwambia kichwa kiliuma ukanywa chai, atakutazama toka juu hadi chini, kisha akuulize kama ilikuwa na sukari.

Ndipo mdogo wangu akapatwa na kiharusi. Alirudi kutoka hospitali upande mmoja umekufa, maneno yamebaki machache, tena ya kubahatisha. Tukamwekea kitanda chumba cha mbele, wifi apate kushona huku anamwangalia. Baya zaidi, hakutaka kula. Ukileta uji, anageukia ukutani. Muuguzi alikuwa ametuonya kwamba asipokula atarudishwa wodini, na kwa hali ile hakuna aliyedhani angetoka tena.

Wifi aligundua dawa kwa uchovu tu. Asubuhi moja, baada ya kubembeleza hadi mkono ukalegea, alikula kijiko kimoja mwenyewe, maana na yeye hakuwa ametia kitu tumboni. Mgonjwa akafumbua kinywa. Kumbe bado ni yule yule. Maisha yake yote hakuwahi kula peke yake. Hata kwenye mtaro, matope hadi magotini, alimsubiri mwenzake anawe mikono ndipo afungue chakula. Basi ikawa hivyo, kijiko cha mke, kijiko cha mume.

Ijumaa ikafika. Wifi akapeleka kijiko kitupu mdomoni, akajifanya anameza. Mgonjwa alikuwa anamtazama kooni. Akageukia ukutani. Tukamwita jirani aje ale badala yake. Mgonjwa akamwangalia kama mtu aliyekosea nyumba. Jua linazama, midomo ya mgonjwa imekauka, hata kumeza hawezi tena, na Jumamosi hakuweza hata kuinua kichwa. Nilimkuta wifi ukingoni mwa kitanda, futi ya kupimia bado iko shingoni.

"Wifi, nikifunga namuua," akaniambia. "Na nisipofunga, mimi ni nani?"

Nikachukua bakuli nikaenda kuliosha.

Ijumaa iliyofuata kikundi kilikuja mchana kumwombea mgonjwa, wote tumefunga kwa ajili yake. Tukasogeza kaptura, tukaketi. Wifi akatoka jikoni na bakuli la uji, akapita katikati yetu hadi kitandani. Msaidizi wake katika kikundi, muuza mitumba mmoja mwenye mdomo, hakuweza kujizuia.

"Mama Mfungo, leo Ijumaa. Au na kalenda imepata kiharusi?"

Wawili watatu walicheka, kisha wakaangalia chini. Wifi alikula kijiko chake, akameza, akafumbua kinywa ili mume aone. Mume akafumbua chake. Ndipo alipojibu, bila kugeuka.

"Kaa, dada. Bakuli likiisha tutaomba."

Bakuli lile lilichukua muda. Uji unatoka pembeni mwa mdomo, unafutwa, unarudishwa. Sisi tumekaa na njaa zetu, harufu imetujaa puani. Kila kijiko cha mgonjwa, wifi alimeza kwanza chake, na kwa uso wake ungedhani anameza dawa chungu. Muuza mitumba alibetua midomo, akajisogeza kitini, mwishowe akaweka mkoba chini akaenda kushika kichwa cha mgonjwa kisiyumbe. Hakuomba radhi, wala hakuna aliyemdai.

Wiki hiyo wifi aliachia uongozi. Hakumweleza mtu. Kila Ijumaa alikula uji asioutaka, na jina la Mama Mfungo likahamia polepole kwa muuza mitumba.

Mdogo wangu aliishi hadi msimu wa mvua. Ijumaa ya kwanza baada ya mazishi nilikwenda mchana kumtazama wifi. Cherehani ilikuwa imefunikwa. Mezani palikuwa na bakuli la uji uliopoa, juu umefanya utando. Nikamwambia ni heri amerudia mfungo wake. Akatikisa kichwa.

"Sijafunga, wifi. Nimeshindwa kula tu. Tangu juzi."

Mimi siku hiyo nilikuwa nimefunga. Nikavuta kiti, nikakoroga ule uji, nikameza kijiko kimoja, nikafumbua kinywa aone. Alinitazama kooni kwa muda mrefu. Kisha akafumbua chake.